Milango ya Chumvi

Saa nne za usiku wakamleta Shaame
nyuma ya vespa, kafungwa kwa kanga
mgongoni mwa shemegi yake, kichwa kinaning'inia.
Ilianza midomo, anasema Mize. Alisema midomo imelala.
Kisha vidole. Kisha akacheka,
akasema chai hii siijui kama ya moto ama ya baridi.
Kisha hakusema.

Mmekula nini?
Samaki.
Samaki gani?
Wakatazamana. Paka wao, wakasema, kafa ukumbini.
Nikajua. Bunju.

Shaame ni mtu wa mashamba ya chumvi, huku huku Micheweni.
Bamvua likijaa huinua ubao, bahari ikaingia bwawani;
huushusha, akaliachia jua kazi yake.
Miaka kumi na tisa anafungua na kufunga,
wala hakuna aliyemwambia
kuwa naye kapangwa milango kama ile,
midogo, hadubini yetu haiioni,
safu kwa safu juu ya kila uzi wa neva.

Neva iliyotulia haijalala. Inangoja.
Chumvi nje imejaa, inasukuma;
mlango mmoja ukishtuka, inaingia mbio,
wa jirani nao ukasikia, ukafunguka,
na wa tatu, na wa elfu,
hata umeme, umeme hasa, usiotaka Tukuza,
ukafika kidoleni kabla hujamaliza kutaka.
Potasiamu hutoka nyuma yake taratibu,
maji kupwa, mambo yakarudi yalivyokuwa.

Na mwisho wa uzi yupo mwalishi.
Vitabu vinamwita asetilikolini;
mimi namwona ni yule bibi wa kualika harusi,
kakaa na mkoba wake, hatoki bila ruhusa.
Umeme ufike, kalisiamu iingie, ndipo mkoba hufunguliwa,
naye akavuka kijinjia kile chembamba,
akapiga hodi kwenye msuli.
Msuli ukaitika.

Usiku ule mwalishi alikuwepo.
Mkoba umejaa. Msuli tayari kusema karibu.
Habari ndiyo haikufika.
Sumu ya bunju ilikaa kwenye tundu la kila mlango
kama kizibo kwenye chupa.
Haikuvunja kitu. Ilikaa tu.

Kifua kikasimama.
Nikachukua mfuko wa kupulizia, nikabana, nikaachia.
Nikabana, nikaachia.
Dawa yake? akauliza Mize.
Dawa yake mkono wako, nikamwambia. Shika hapa.
Tukapokezana: mimi, yeye, shemegi,
na Mzee Haji Mcha, mlinzi, aliyebana kama anakamua nazi.
Moyo, lakini, ulipiga.
Milango ya moyo ni ya seremala mwingine;
kizibo hakikuienea.

Shemegi akaanza Yasini.
Ndogo ndogo, nikamwambia, anasikia.
Asije akadhani tumeshamzika.
Maana hili nilikuwa nalijua, na liliniuma:
nyuma ya kope zile zisizopepesa
mtu mzima kakaa macho, hana hata kidole cha kutuambia yupo.
Basi nikamsemesha. Nikamwambia bamvua ni kesho kutwa,
na zile mbao zako nani ataziinua?

Asubuhi haikuleta kitu. Adhuhuri haikuleta kitu.
Alikojoa; nikashukuru kwa mkojo, wakanishangaa.
Alasiri kidole cha shahada kikacheza.
Nikadhani ni mkono wangu unaotetemeka.
Kikacheza tena.

Siku ya pili yake Mize akamlisha uji.
Akaonja, akakunja uso.
Hauna chumvi.

Na yule mlinzi, akasema, alikuwa anaruka hesabu.
Nilikuwa nahesabu.

Mimi nikaenda nyumbani kulala.
Mkewe anasema kapona, na kazini karudi.
Mkono wangu wa kulia, nikisinzia, bado unabana,
unaachia.